Walichohesabu Wakoloni

Tarehe 31 Oktoba 2022, hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya sensa: Tanzania watu 61,741,120, Zanzibar peke yake 1,889,773, wanawake wakiwa 31,687,990. Wajerumani, walipoanzisha kodi ya kibanda bara mwaka 1898, walihesabu mapaa, si waliolala chini yake. Mwanamke wa Kigogo alifichika ndani ya tembe ya mumewe. Leo ameandikwa kwa jina na umri.

Lakini kazi yake je? Uchunguzi wa nguvukazi wa mwaka 2006 ulithubutu kuandika saa za kuteka maji na kutafuta kuni. Tunawaomba ndugu zetu wanaopanga visima vya Bahi na Chamwino, na wenzao wa Visiwani, waanze na saa hizo kabla ya bei ya pampu.