Tufani, Ndoa na Nyumba Isiyo na Paa

Watu wakisikia habari za tufani, mara huuliza: wamekufa wangapi, nyumba ngapi zimeanguka, na hasara ni fedha kiasi gani. Maswali hayo ni ya haki, na magazeti hujitahidi kuyajibu katika juma lile lile la kwanza. Lakini liko swali jingine ambalo huulizwa na wachache, kwa kuwa jibu lake halionekani mpaka mwaka mzima upite. Je, mume na mke waliookoka pamoja, hukaaje baadaye? Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za jimbo moja la Marekani ambako swali hilo lilichunguzwa kwa hesabu, wala si kwa kubahatisha.

Jimbo lenyewe laitwa South Carolina, nalo liko upande wa mashariki wa nchi ile, kando ya Bahari ya Atlantiki. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Septemba, 1989, tufani iliyopewa jina la Hugo ilitua katika pwani yake, karibu na mji wa Charleston. (Wamarekani huzipa tufani majina ya watu ili zisichanganywe katika matangazo.) Siku chache kabla yake ilikuwa imekwisha kuvipiga visiwa vya Guadeloupe, Montserrat na Puerto Rico. Ilipofika Carolina, upepo wake ulikuwa ukienda mwendo wa maili 140 hivi kwa saa.

Tufani ya namna hii huzaliwa baharini, penye maji ya joto. Upepo wake hauendi moja kwa moja, bali huzunguka kama pia, na katikati pana mahali patulivu panapoitwa jicho. Wengi huogopa upepo, lakini mara nyingi muuaji mkubwa ni maji, maana upepo huyasukuma maji ya bahari mbele yake mpaka yakapanda juu ya nchi kavu. Kaskazini ya Charleston maji hayo yalipanda kiasi cha futi 20. Katika kijiji cha McClellanville watu walikuwa wamekimbilia shule moja ya sekondari, wakidhani kwamba hapo ndipo salama. Usiku wa manane maji yakaingia madarasani, taa zikiwa zimezimika. Wazazi waliwapandisha watoto juu ya meza, na maji yalipozidi kupanda wakawainua mpaka darini. Kwa bahati njema wote walitoka wazima.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuzijui sana tufani, kwa sababu tu karibu na mstari wa ikweta, na huku pepo hizo hazizunguki kwa urahisi. Lakini mara chache zimefika. Unguja ilipigwa mwaka wa 1872, mikarafuu mingi ikang'oka; mji wa Lindi ulipigwa mwezi wa Aprili, 1952; na Aprili ya mwaka wa 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilivipiga visiwa vya Ngazija na pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Tena, mafuriko ya mito yetu huwatoa watu majumbani mwao kama tufani inavyowatoa. Kwa hiyo habari hizi si ngeni kwetu kama zinavyoonekana.

Basi turudi Carolina. Jimbo lile lina wilaya 46. Baada ya Hugo, wilaya 24 zilitangazwa na Serikali kuwa zimepatwa na maafa, na 22 zilizobaki hazikutangazwa. Mtaalamu mmoja wa mambo ya jamaa na ndoa, Catherine Cohan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, pamoja na mwenzake Steve Cole, waliona kwamba hapa pana njia nzuri ya kupima. Walichukua hesabu za jimbo zima, za ndoa, za uzazi na za talaka, tangu mwaka wa 1975 hata 1997, wakalinganisha wilaya zilizopigwa na zile ambazo hazikupigwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002.

Kabla ya kuhesabu, walikuwa na mawazo mawili yanayopingana. Wazo la kwanza lilisema hivi: shida na umaskini huleta ugomvi, kwa hiyo talaka zitaongezeka, na vijana wataahirisha kuoa na kuzaa. Wazo la pili lilisema kinyume: mtu akiogopa mauti humkimbilia ampendaye, kama mtoto amkimbiliavyo mama yake wakati wa ngurumo, kwa hiyo watu wataoana, watazaa, na talaka zitapungua. Hesabu hazikukubali wazo lolote kati ya hayo kwa ukamilifu. Katika mwaka wa 1990, mwaka uliofuata tufani, katika zile wilaya 24 ndoa ziliongezeka, watoto waliozaliwa waliongezeka, na talaka nazo ziliongezeka.

Mtu aweza kucheka, akasema kwamba hesabu hizo ni kama mtu anayekwenda mashariki na magharibi kwa wakati mmoja. Lakini wataalamu wale walilieleza jambo vizuri. Walisema kwamba hatari ya kufa huwafanya watu watende jambo ambalo pengine wangelingoja. Kijana aliyekuwa akisema "mwakani nitaoa" huona usiku mmoja kwamba mwakani huenda asiwepo. Mume na mke waliokuwa wakipanga kupata mtoto hawangoji tena. Na yule ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivumilia nyumba isiyo na amani, naye hukata shauri lake.

Juu ya talaka, liko jambo moja katika sheria ya South Carolina ambalo msomaji yafaa alijue. Jimbo lile lilichelewa kuliko majimbo yote ya Marekani kuruhusu talaka, hata mwaka wa 1949. Na tangu zamani za Hugo hata leo, ikiwa hapana kosa kama uzinzi au ukatili, mume na mke hawapewi talaka mpaka wamekaa mbalimbali mwaka mzima. Maana yake ni kwamba baadhi ya walioachana mwaka wa 1990 walikuwa wamekwisha tengana kabla upepo haujavuma. Haikuwa tufani iliyowagombanisha. Kwa maoni yetu, tufani huharakisha mambo yaliyokuwamo nyumbani kuliko inavyoleta mapya.

Lakini hiyo si habari yote. Wako wataalamu wengine waliochunguza talaka baada ya maafa ya namna nyingine, yaani mashambulio. Mwaka wa 1995 bomu lilipasuka katika mji wa Oklahoma City, na mwaka wa 2001 majumba mawili marefu ya New York yaliangushwa kwa ndege. Huko hofu ilikuwa kubwa, na misiba mingi, lakini talaka hazikuongezeka, zilipungua. Kwa nini basi Carolina ziongezeke? Tofauti tunayoiona ni hii. Baada ya mashambulio yale, watu wengi walirudi jioni katika nyumba zilizo na paa, maji na taa. Baada ya Hugo, watu wengi hawakuwa na nyumba kama hizo za kurudia. Hofu peke yake huwakusanya watu. Kinachowachosha ni ile miezi inayofuata.

Na tuitazame miezi hiyo kwa karibu, maana hapo ndipo ndoa hupimwa. Mahali pengi umeme ulikatika kwa majuma kadhaa. Hapakuwa na barafu ya kuhifadhi chakula, watu wakapanga foleni kwa ajili yake. Daraja la kwendea kisiwa cha Sullivan's Island lilipindishwa na upepo hata gari lisipite, na wenye nyumba zao huko walilazimika kungoja siku kadhaa bila kujua kama nyumba zimesimama au la. Walipopata kwenda, walikwenda kwa mashua.

Baada ya hapo huanza kazi isiyo na sifa. Matope hutolewa kwa majembe. Magodoro hutupwa. Turubai hupigiliwa juu ya paa, na mvua ikinyesha usiku mtu huamka kuhamisha ndoo. Nguo za watoto hufuliwa kwa mkono na mama ambaye tangu aolewe amezoea mashine. Mkaguzi wa kampuni ya bima hungojwa, na akija husema uharibifu huu umeletwa na upepo, na ule umeletwa na maji. Katika bima za Marekani tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bima ya kawaida ya nyumba hulipa hasara ya upepo lakini hailipi ya mafuriko. Hiyo huhitaji bima yake mbali. Mafundi nao huwa wachache kuliko mapaa, na kati yao wamo wadanganyifu wanaopokea malipo ya kwanza wasionekane tena.

Katika hali hiyo mume na mke hugombana juu ya mambo ambayo zamani hayakuwa na maana. Mmoja ataka wajenge pale pale. Mwingine asema hatalala tena kando ya bahari. Mmoja ataka fedha iliyopo inunue mabati. Mwingine ataka kwanza walipe karo na deni la duka. Au wamekwenda kukaa kwa jamaa, watu tisa katika vyumba vitatu. Mtu aliyepata kukaa miezi mitatu kwa shemeji yake hahitaji mtaalamu wa kumweleza shida ya jambo hilo, hata shemeji awe mwema namna gani. Hapana mahali pa mume na mke kusema maneno yao kwa siri. Wakigombana, nyumba nzima husikia; wakitaka kupatana, nyumba nzima husikia vile vile.

Yafaa tuseme pia juu ya mgawanyo wa kazi. Mwaka wa 1992 tufani nyingine, Andrew, iliupiga upande wa kusini wa jimbo la Florida, na wataalamu walizungumza na wanawake wengi wa huko. Waliona kwamba kazi za wanawake zilikuwa zimezidi sana: kupika bila jiko, kulea watoto wasio na shule, kuwatunza wazee, na kupanga foleni katika ofisi za msaada, juu ya kazi ya mshahara kwa wale walio nayo. Tena msaada ulipotolewa kwa jina la mkuu wa nyumba peke yake, baadhi ya wanawake walieleza kwamba hundi ilipokelewa na mwanamume, naye akaondoka nayo. Serikali ilikuwa imedhani kwamba kila nyumba ni mfuko mmoja. Wasomaji wetu walioolewa watajua kwamba sivyo daima.

Jambo la hundi latufikisha kwenye jambo la hati, ambalo kwa maoni yetu lawahusu wasomaji wa huku kuliko yote. Katika visiwa vilivyo karibu na Charleston wako watu waitwao Gullah. Babu zao ni Waafrika waliochukuliwa utumwani kulima mpunga na pamba. Baada ya vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 walipata uhuru, na wengi wakanunua mashamba. Wazee wale hawakuandika wasia. Walikufa wakawaachia watoto, nao watoto wakawaachia wajukuu, hata shamba moja likawa mali ya watu hamsini, wengine wakiwa New York na wasijuane kwa sura. Kwa sheria ya Marekani kila mrithi ana sehemu yake katika shamba zima, lakini hapana aliye na hati kwa jina lake.

Siku za kawaida hali hiyo yaweza kudumu miaka mia bila neno. Bwana hujenga nyumba katika shamba la babu yake, huoa, hupanda miti. Tufani ikipita ndipo karani huuliza: "Hati iko wapi?" Baada ya tufani ya Katrina, iliyopiga Louisiana na Mississippi mwezi wa Agosti, 2005, jamaa maelfu walicheleweshewa au walinyimwa fedha za kujengea kwa sababu nyumba ilikuwa bado imeandikwa kwa jina la babu au nyanya aliyekwisha kufa. Walikuwa wakiishi humo, wakilipa kodi yake kila mwaka, na bado hawakuweza kuonyesha kwamba ni yao. Mke aliyeolewa katika shamba la namna hiyo huwa katika hali mbaya zaidi mume akifa au akienda zake, kwa kuwa haki yake yategemea sehemu ya mume, na sehemu ya mume yenyewe haijapimwa. Na mrithi mmoja wa mbali akiuza sehemu yake kwa mgeni, mgeni huyo aweza kwenda mahakamani kuomba shamba zima liuzwe.

Ndiyo maana mjini Charleston, tangu mwaka wa 2005, wako wanasheria ambao kazi yao ni kuwasaidia jamaa kama hizo kuandika wasia, kutafuta warithi waliotawanyika na kusafisha hati. Na mwezi wa Septemba, 2021, idara ya Serikali Kuu ya Marekani inayoshughulikia maafa ililegeza kanuni yake. Sasa mwenye nyumba asiye na hati aweza kuleta stakabadhi za matengenezo makubwa aliyofanya, au barua ya ofisa wa mahali pake, na akikosa hata hizo, aweza kuandika tamko lake mwenyewe, akalitia sahihi, kwamba nyumba ile ni yake na kwa sababu gani hana karatasi nyingine.