Kuitunza Ngozi: Mafuta, Wanja na Mkorogo

Wasikilizaji wetu, mara hii twapenda kusema nanyi juu ya ngozi, na juu ya vitu ambavyo watu hujipaka ili wapendeze. Huenda wazee watatucheka, wakisema haya ni maneno ya wasichana. Lakini wasichana ndio tunaowafundisha, na tumeona kwao jambo lisilotupa ruhusa ya kunyamaza.

Tuanze na baridi. Ziwa Nyasa liko kadiri ya mita 470 juu ya bahari, na milima ya Umatengo huinuka kupita mita 1,500. Mtu wa Mbamba Bay akipanda Mbinga mwezi wa Juni, midomo yake hukauka kwa siku chache. Na wanawake walimao ngolo hupata magaga visiginoni. Sababu yake ni kwamba hewa ya baridi ina unyevu mchache, nayo huyafyonza maji ya ngozi. Wengi hudhani kuwa mafuta huleta maji. Sivyo, mafuta ni kifuniko tu, na ajipakaye juu ya ngozi kavu amefunika mtungi mtupu. Jipake mara utokapo kuoga, ngozi ingali na umajimaji. Wala usioshe uso kwa sabuni ya mche ya kufulia, maana huondoa hata mafuta ya ngozi yenyewe.

Si lazima kununua kopo la bei kubwa. Mafuta ya alizeti au ya nazi yatosha. Kwa magaga, twaa nta ya nyuki iliyochujwa sehemu moja, na mafuta sehemu nne, katika kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiliweke juu ya moto wenyewe, kwani nta huwaka upesi. Ikiisha kuyeyuka, koroga, kisha iache igande. Usiku loweka miguu katika maji ya vuguvugu, upake, uvae soksi kuukuu. (Soksi ni za kulinda shuka, mama mwenye nyumba atashukuru.)

Wanja nao una neno lake. Wanja wa manga aghalabu husagwa katika jiwe lenye madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wachanga wapakwao machoni. Tena kijiti kimoja kikipita katika macho ya watu wengi, huchukua ugonjwa wa mmoja na kuwapa wote.

Sasa mkorogo. Mmoja wa wanafunzi wetu alirudi kutoka likizo uso umekuwa mweupe, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Tulimsifu, kwa ujinga wetu. Baada ya miezi michache ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, na jua la saa nne lilimchoma kama pilipili. Alikuwa akichanganya makopo matatu ya gulioni, wala hakuweza kutuambia yana nini.

Aghalabu huwa na mambo matatu. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi, lakini huingia mwilini ikaharibu figo, na humfikia mtoto tumboni. Hata taulo la mpakaji laweza kuipeleka kwa wengine wa nyumbani. Haidrokwinoni nayo huzuia rangi, na ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka meusi yasiyotoka. Dawa za steroidi ni za kutibu magonjwa ya ngozi kwa amri ya mganga. Zikipakwa kila siku huikondesha ngozi, na vidonda hukawia kupona. Na ile rangi inayofukuzwa ndiyo mwavuli wetu wa jua.

Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, yaliyopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliwadhuru walaji wa samaki, nayo yamekataza vipodozi vya zebaki. Hata hivyo makopo hupita mipakani. Soma karatasi yake: ukiona «mercury», «mercurio», «calomel» au «Hg», liache. Lisilo na maandishi kabisa, liache vilevile.

Aliyekwisha kuzoea asiache ghafula peke yake, maana steroidi ikiachwa ghafula uso waweza kuwaka na kutoka vipele. Aende hospitali, naye achukue makopo yote aliyoyachanganya, ili mganga ayaone.