Mjue Mkizi Kabla Hujamtia Bwawani

Leo tunazungumza na wenzetu wa pwani, nyinyi mliochimba mabwawa ya samaki kando ya mikoko.

Mkulima anakwenda horini na ndoo. Anarudi na vifaranga, anawamwaga bwawani, akiamini wote ni mkizi. Miezi inapita. Siku ya kuvuna anatoa maji, anakuta samaki wachache tu, na katikati yao mzia mnene mwenye meno kama msumeno. Wengine wote kawala! Bwawa halina kosa. Kosa ni kutomjua samaki.

Basi, mkizi tunamjuaje? Wako wa aina nyingi, lakini anayefaa sana kufugwa ni yule ambaye wataalamu wanamwita Mugil cephalus. Mshike mkononi, umtazame hivi.

Kwanza, mgongo. Ana mapezi mawili yaliyoachana. La mbele ni dogo, lina miiba minne. Mwatiko ana pezi moja tu la mgongoni, halina miiba, na mkia wake umegawanyika sana kama mkasi.

Pili, ubavu. Samaki wengi wana mstari mmoja unaotoka kwenye matamvua mpaka mkiani. Mkizi hana mstari huo. Akishakua, utaona michirizi kadhaa myeusi inayofuata safu za magamba.

Tatu, jicho. Mkizi huyu mkubwa ana utando mnene kama mafuta, umefunika sehemu kubwa ya jicho. Kwa kifaranga utando huo bado haujakomaa, kwa hiyo usiutegemee. Tazama mapezi na mdomo.

Nne, mdomo. Wa mkizi ni mdogo, na kichwa ni kipana, bapa kwa juu. Mzia naye ana mapezi mawili yaliyoachana, ndiyo maana anawadanganya watu. Lakini mdomo wake ni mrefu, taya la chini limetokeza mbele, na ubavuni ana mstari. Ukimwona huyo, mtoe upesi.

Mtauliza, kwa nini tujisumbue? Ni kwa sababu mkizi hali wenzake. Chakula chake ni ukoga, mwani mdogo na mabaki yaliyooza kwenye tope. Humeza na mchanga, ukamsaidia kusaga chakula tumboni, kama kuku anavyotumia changarawe kwenye firigisi. Tena anavumilia maji ya chumvi, ya chumvi kidogo, hata maji baridi ya mtoni. Samadi kidogo ikiotesha ukoga bwawani, chakula chake kimepatikana.

Lakini sikilizeni vizuri: mkizi hazaliani bwawani. Hutaga mayai baharini, na watoto huingia kwenye mahori wakiwa na urefu wa sentimita 2 hivi. Hata Misri, wanakofuga mkizi kwa wingi, wafugaji hutegemea sana vifaranga wa kutoka baharini. Kwa hiyo kila msimu utarudi horini, na kila msimu itakubidi kuchagua upya. Kabla ya kwenda, mwone Afisa Uvuvi akueleze wavu unaoruhusiwa. Na vifaranga wasio wako warudishe majini wakiwa hai. Ndio samaki wa kesho wa mvuvi jirani yako.

Wahenga walisema, hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi. Nasi wafugaji tuseme: kumjua mkizi, tijara ya mfugaji.