Nyuki Dume Hana Baba

Mwaka 1845 padri na mfugaji nyuki Jan Dzierzon alitoa hoja iliyowashangaza wengi: nyuki dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa. Mtu anaweza kupinga kwamba pengine malkia alishapandwa zamani, maana huhifadhi mbegu mwilini kwa miaka. Lakini malkia asiyepandwa kabisa akianza kutaga, watoto wake huwa madume. Seli nazo zinathibitisha: dume ana kromosomu 16, jike 32.

Nyuki wa Rasi, huko Afrika Kusini, wamekwenda mbali zaidi, kwani wafanyakazi wao hutaga mayai yasiyorutubishwa yanayotoa majike. Basi dume wa nini? Swali ni zito. Watoto wa mama peke yake hufanana naye mno, na ugonjwa unaomshinda mmoja waweza kuwashinda wote. Dume huleta mchanganyiko. Hata hivyo, sikubali uzazi huu usio na dume uitwe kasoro ya maumbile, kwani una nguvu zake. Mwaka 1990 mizinga ya Rasi ilihamishiwa kaskazini mwa nchi hiyo, na wafanyakazi hao wakavamia na kuangamiza maelfu ya makundi ya nyuki wengine. Wavamizi wote ni uzao wa mfanyakazi mmoja.