Kuizuru Njia ya Misafara, Bagamoyo Hadi Ujiji

Kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia ni jambo ambalo Qurani Tukufu imetuhimiza mara nyingi. Basi mzazi atakaye kuwachukua wanawe safarini wakati wa likizo, twamnasihi aifikirie njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, hata ikakoma Ujiji penye ziwa la Tanganyika. Urefu wake wapata kilomita 1,200.

Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipandisha bara nguo, shanga na nyaya za shaba, wakateremsha pembe za ndovu. Wazungu Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wasifike Ujiji ila Februari 1858. Sisi leo tuna reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Wakati ufaao ni kiangazi, baina ya Juni na Oktoba, kwani masika huharibu njia. Garimoshi la Kigoma haliondoki kila siku. Kwa hiyo ulizeni mapema siku zake kabla ya kupanga masurufu. Anzeni Bagamoyo kwa siku mbili, mwone magofu ya Kaole na msikiti wake uliojengwa karne nyingi kabla ya biashara ile kushamiri. Kisha nendeni Dar es Salaam mkapande garimoshi hadi Tabora. Nje ya mji huo, Kwihara, lipo tembe alimokaa Livingstone. Mwisho ni Kigoma, na jirani yake Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871.

Wala msisahau hukumu za musafiri. Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, atiaye nia ya kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali sala kamili tangu afikapo. Wafundisheni watoto haya nyumbani kabla ya kufunga mizigo.

Lakini maandalizi makubwa kupita yote ni jawabu. Kwa kuwa watoto watauliza: ni nani waliofungwa minyororo katika njia hii, na ni nani waliowafunga? Wapo wazazi wapendao kulipita swali hili mbio, kwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara wale walikuwa Waislamu wenzetu. Hilo halifai. Misafara iliyoupandisha Uislamu hadi Tabora na Ujiji ndiyo hiyo hiyo iliyoteremsha binadamu kuuzwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na utumwa Tanganyika haukukomeshwa kwa sheria hata 1922. Dini yetu imehesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika amali tukufu; aliyemteka mtu huru akamuuza hakupata ruhusa hiyo katika dini, bali aliifuata tamaa yake.

Mkiwa Bagamoyo wasimulieni vijana habari za Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, upande wa Kongo, akatekwa angali mtoto, akaletwa pwani kwa njia hii akiwa mtumwa. Akasoma, akawa mwalimu na khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu wa nasaba kubwa wakakaa mbele yake kujifunza. Alifariki mwaka 1931. Kijana aijuaye habari hii hatamdharau mwenzake kwa asili yake, wala hatajivunia ukoo. Atajua kuwa mbora ni mchaji Mungu.

Safari ya namna hii ina gharama, na si kila nyumba itaiweza mwaka huu. Asiyeweza kufika Ujiji na afike Bagamoyo; asiyeweza Bagamoyo, na awakusanye wanawe baada ya Isha, awafunulie ramani, awaeleze kweli yote. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzingatia. Amin.