Mpaka Hulindwa na Anayeujua

Hapa Njiru, jiwe la mpaka hulala penye ploti hii likaamkia ile. Juzi nimeshuhudia majirani wakigombania hatua tatu za ardhi, kila mmoja ameshika karatasi yake. Nikaikumbuka Bigo bya Mugenyi.

Bigo iko Uganda, kusini mwa mto Katonga. Ni mahandaki na kuta za udongo zilizochimbwa kwa mikono yapata miaka 600 iliyopita. Urefu wa mahandaki hayo wapita kilomita 10, na kwingine mwamba wenyewe ulipasuliwa. Masimulizi huwataja Wachwezi. Wataalamu nao wangali wakijadiliana iwapo lilikuwa boma la vita au la mifugo. Leo mahali hapo panalindwa kisheria.

Je, sheria pekee yatosha? Tutazame kwetu Thimlich Ohinga, kule Migori, palipotangazwa urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake za mawe, zisizo na hata chembe ya saruji, hazikusimama karne zote hizo kwa amri ya serikali. Waliohamia humo baadaye walizikarabati kuta wasizozijenga wao.

Walimu wenzangu, hapo ndipo penye somo. Tuwatoe wanafunzi darasani, waupime uwanja wa shule kwa kamba, wauchore mpaka wake, wauhifadhi moyoni. Mnyakuzi haanzi kwa kuvunja ukuta. Huanza pale ambapo hakuna anayekumbuka ukuta ulipita wapi.