Kwa Nini Jino Lililooza Linauma Usiku?



Mama mumoja alituletea mutoto wake wa miaka 7. Shavu lilivimba mupaka jicho likafungika. Akasema: "Jino lilimuuma wiki mbili, usiku analia tu. Kisha maumivu ikaisha yenyewe, nikafurahi. Sasa angalia!"

Mama huyu hakuwa muvivu. Alizani kama wengi wetu: maumivu yakiisha, ugonjwa umeisha. Kwa jino sivyo. Tuone sababu.

Jino liko namna gani?

Jino si jiwe, lina uzima. Inje kuna ganda jeupe, gumu kupita mifupa yote ya mwili. Chini ya ganda kuna mufupa wa jino, wenye vinjia vyembamba ambavyo jicho haliwezi kuona. Katikati kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya kusikia maumivu. Tunakiita moyo wa jino.

Mikrobe wanaingia namna gani?

Wengine wanasema kuna mududu anayetafuna jino. Mududu hayuko. Wanaotoboa ni mikrobe, wanaokaa katika utando ule unaosikia kwa ulimi asubuhi. Mutoto akila sukari, mikrobe nao wanakula, na wanatoa asidi, maji makali yanayolainisha ganda kwa muda wa nusu saa hivi. Mate yanatengeneza tena. Lakini mutoto akimumunya bonboni siku nzima, ao akilala na biberoni ya chai ya sukari kinywani, mate hayapati nafasi. Pole pole ganda linatoboka.

Ndani ya jino kunapita nini?

Sumu ya mikrobe inapita katika vile vinjia na kufika kwa moyo wa jino, hata mbele mikrobe wenyewe hawajafika. Mwili unatuma damu nyingi ili kupigana. Ni kama kidole kilichochomwa na mwiba: kinakuwa chekundu, kinavimba. Lakini kidole kina nafasi ya kuvimba. Moyo wa jino umefungiwa katika kuta ngumu, kama muguu uliovimba ndani ya kiatu kisichovuliwa. Mishipa ya maumivu inafinywa. Mutoto akilala, damu inaongezeka kichwani; ndiyo maana usiku ni mubaya zaidi.

Angalia alama tatu:

1. Jino linauma kidogo kwa maji ya baridi ao kitu kitamu, kisha linatulia mara moja. Moyo wa jino unaweza kupona bado. Munganga wa meno anasafisha shimo na kuliziba. Kuja sasa!

2. Maumivu yanakuja yenyewe, yanakawia, yanamwamsha mutoto. Moyo wa jino hautapona tena. Inafaa kusafisha ndani mupaka kwa mizizi, ao kungoa.

3. Maumivu yanaisha gafula. Moyo wa jino umekufa! Mikrobe wanashuka kwa muzizi mupaka mufupa wa taya, na usaha unafanyika.

Mutoto yule alikuwa amefika alama ya tatu. Tulingoa jino. Mama akauliza: "Si ni jino la maziwa? Litaota lingine?" Hapana. Karibu miaka 6 jino kubwa linaota nyuma ya meno ya maziwa, pasipo jino lolote kungoka. Ni la maisha yote.

Ufanye nini nyumbani?

– Usitie asidi ya batri wala petroli katika shimo. Usiweke aspirini juu ya fizi, inaunguza nyama.
– Parasetamoli inatuliza maumivu, lakini haizibi shimo. Vidonge vya soko pia haviwezi.
– Usilaze mutoto na biberoni yenye kitu kitamu.
– Safisha meno yake mara mbili kwa siku, zaidi sana mbele ya kulala, tangu jino la kwanza. Dawa ya meno yenye fluori: kadiri ya punje ya muchele kwa mutoto chini ya miaka 3.
– Uso ukivimba pamoja na homa, ao mutoto akishindwa kumeza, kufungua kinywa ao kupumua vizuri, usingoje kesho. Mulete hospitali siku ile ile, hata usiku.

Maulizo ya kujibu pamoja

Jino linauma zaidi usiku kwa sababu gani? Maumivu yakiisha yenyewe, utafurahi ao utakuja? Leo, ukirudi nyumbani, utaangalia kinywa cha mutoto gani kwanza?